Toto na Boi katika Mashamba ya Nakuru

Kiingereza kilichosemwa na walowezi wa Kenya kiliazima neno moja la Kiswahili na kulikata kichwa. Neno hilo ni mtoto. Wao walisema toto, na kwao maana yake haikuwa mwana wa fulani, ila mfanyakazi mdogo. Palikuwa na toto wa jikoni, aliyechochea moto, akateka maji na kusugua masufuria. Na palikuwa na toto wa plau, aliyetangulia mbele ya maksai akiwaongoza katika mfuo tangu alfajiri. Kiswahili nacho kilipokea neno moja kutoka kwa Kiingereza, nalo ni boi. Asili yake ni mtoto wa kiume, lakini katika Kenya ya ukoloni aliitwa boi mtumishi yeyote mwanamume, hata akiwa na mvi na wajukuu. Yafaa tuyaweke maneno haya mawili pamoja, maana habari nzima tunayotaka kuisimulia imo ndani yake. Mtoto wa miaka kumi aliweza kuhesabiwa mtu mzima ilipofika kazi, na baba yake wa miaka arobaini akahesabiwa mtoto ilipofika heshima na mshahara.

Lord Delamere alipewa ekari laki moja karibu na Njoro mwaka 1903. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, wakagawanywa mafungu mawili, moja Laikipia na moja kusini ya reli. Walowezi wakaja mmoja baada ya mmoja, kila mtu na maelfu yake ya ekari. Walakini ekari elfu tano hazilimwi na mtu mmoja na mkewe. Walowezi walitaka vibarua wengi kwa ujira mdogo, na wenyeji waliokuwa na mashamba na mifugo yao hawakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine. Asiyeielewa shida hiyo ya vibarua aweza kudhani kwamba watoto waliingizwa kazini kwa ukatili wa watu wachache. Wakatili walikuwapo, lakini iliyofanya kazi kubwa zaidi ilikuwa kodi, pamoja na sheria na kalamu za makarani.

Kabla ya hapo kukua kulikuwa na hatua zake, na hatua hizo hazikuhesabiwa kwa miaka. Mtoto wa Kikuyu au wa Kipsigis alianza kwa kulinda ndama na wana-mbuzi karibu na boma, mahali ambapo mama aliweza kumwona. Alipoonekana ana akili alikabidhiwa mbuzi, na baadaye ng'ombe, akaenda nao mbali pamoja na wenzake wakubwa. Mwishoni wazee waliamua kwamba wakati umewadia, vijana wakatiwa jandoni, wakakaa faraghani na kufundishwa mambo ya nchi, wakatoka wakiwa rika moja. Kwa Wakikuyu rika lilipewa jina la jambo kubwa lililotokea wakati huo. Kwa Wakipsigis na Wanandi majina ya rika, kama vile Maina, Chumo na Sawe, huzunguka na kurudi baada ya vizazi kadhaa. Kijana hakuwa mtu mzima kwa sababu ameota ndevu au amerefuka. Alikuwa mtu mzima kwa sababu watu waliomzaa na kumlea walikubaliana hivyo, tena hadharani.

Tusidanganyike kwamba utoto huo ulikuwa mchezo mtupu. Mtoto alifanya kazi, na aliyepoteza mbuzi alichapwa. Lakini mbuzi wale walikuwa wa nyumba yake, na huenda baadhi yao wangemlipia mahari siku moja. Kazi ilimwingiza katika ukoo wake hatua kwa hatua. Kazi ya kibarua ilimtoa humo, na kipimo chake kilikuwa mzani na kadi ya siku thelathini.

Serikali ya kikoloni ilihitaji kipimo kingine cha utu uzima, kilicho chepesi cha kuandikwa katika daftari. Ilichagua miaka 16. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi zake, ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni. Kodi ya kichwa ilimfikia katika umri huo huo. Hapa ndipo palipokuwa na kichekesho kichungu. Kuzaliwa kwa watoto wa Kiafrika hakukuandikwa popote, kwa hivyo hakuna karani aliyejua nani ana miaka 16 na nani ana 13. Umri ulikadiriwa kwa jicho. Mvulana alisimamishwa mbele ya meza, akatazamwa kimo, kidevu na kwapa, na kalamu ikaamua. Mwenye mwili mkubwa alianza kulipa kodi kabla ya ndugu yake mkubwa aliyekuwa mwembamba. Zaidi ya hayo, katika wilaya kadhaa maofisa waliona kwamba jando lachukua muda mrefu mno, wakawahimiza wazee waufupishe muda wa vijana kukaa faraghani ili wapate kutoka mapema kwenda kazini. Ndivyo hata hatua ile iliyokuwa mali ya wazee ilivyovutwa na mahitaji ya mashamba.

Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kutoka kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Waraka huo haukutaja wanaume peke yao. Ulisema kwamba mahali ambapo mashamba yako karibu na nchi za wenyeji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Neno kuhimiza ni laini likiwa juu ya karatasi. Chifu aliyelisikia kutoka kwa Bwana Shauri, huku akijua kwamba cheo chake chategemea idadi ya watu atakaowatoa, hakulitafsiri kwa ulaini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu, waliandika kulalamika. Nao, jambo la ajabu kidogo, hawakuikataa kazi ya lazima yenyewe, ila walitaka iwe wazi katika sheria na iwahusu wanaume wenye nguvu tu. Miaka miwili baadaye Harry Thuku alisimama katika mikutano akipinga kipande, kodi, na desturi ya machifu kuwapeleka wanawake na wasichana katika mashamba ya walowezi. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi.

Katika Nakuru watoto wengi hawakuletwa shambani na chifu. Walizaliwa hapo hapo. Wazazi wao walikuwa maskwota, yaani watu waliohamia katika mashamba ya walowezi, wengi wao Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, wakipewa mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo, nao wakalipa kwa kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanzoni wengi waliyaona mapatano hayo kuwa mema. Nyasi zilikuwa nyingi, na familia iliyofika na mbuzi kumi iliweza baada ya miaka michache kuwa na mia. Watoto walichunga, wazazi walitimiza siku zao kwa mlowezi, na maisha ya nyumbani hayakuwa mbali sana na yale ya zamani.

Kilichoyavunja maisha hayo kilikuwa mbuzi wenyewe. Walowezi waliogopa kwamba mifugo ya maskwota itawaambukiza ng'ombe wao wa kizungu, tena waliona wivu kwamba mtu mwenye mifugo mingi hana haja ya mshahara. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, iliyapa mabaraza ya walowezi ya wilaya mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota na mashamba yao, na kuongeza siku za kazi hata zikafika 240 na 270. Mifugo ikauzwa au kuondolewa. Wanahistoria wameandika mengi juu ya hasara hiyo kwa wakubwa, lakini tuitazame kwa jicho la mtoto. Mbuzi walipoondoka, kazi yake ya nyumbani iliondoka nao. Maziwa yalipungua chunguni. Mapato ya baba hayakutosha tena, na mkono wa mtoto ukawa sehemu ya hesabu ya mwezi. Yule aliyekuwa mchungaji wa baba yake akawa kibarua wa mwenye shamba, na badiliko hilo lilitukia katika boma lile lile, bila mtu yeyote kuhama.

Na kazi ya kumpokea ilikuwa tayari, yaani kuchuma pareto. Mmea huu uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukastawi katika nchi za juu zenye baridi: Molo, Mau, Ol Kalou, Kinangop. Ua lake ni jeupe lenye moyo wa manjano, na ndani ya moyo huo imo sumu inayoua wadudu lakini isiyomdhuru sana binadamu. Huchumwa kwa mkono, kichwa cha ua peke yake, likiwa limefunguka kwa kiasi kinachotakiwa. Maua hayafunguki siku moja, kwa hiyo shamba hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi mingi ya mwaka. Zao la namna hiyo halitaki nguvu. Lataka vidole vyepesi na mgongo usiochoka kuinama, tena kwa bei ndogo. Walowezi walisema wazi kwamba wanawake na watoto ndio wachumaji bora.

Asubuhi katika Molo hupambazuka kwa ukungu, na umande huwa baridi kama maji ya mto. Wachumaji waliingia katika mistari na vikapu, mama na binti zake, kaka na mdogo wake, nyapara akipita nyuma. Ua ni jepesi mno, na kikapu kilichoonekana kujaa kilipofika mzanini kilisema jambo jingine. Ujira ulifuata uzito, na hapo mtoto alipata somo lake la kwanza la hesabu. Wengine waliwashwa ngozi na kububujikwa machozi, maana pareto huwadhuru baadhi ya watu wanaoishika kila siku. Maua yalikaushwa, yakapelekwa Nakuru, na kutoka huko yakasafirishwa ng'ambo.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Japani, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa pareto duniani, ikawa adui wa Uingereza na Marekani. Kenya ikachukua nafasi yake. Majeshi yaliyopigana katika nchi za joto yalihitaji dawa ya mbu na chawa, na pareto ikahesabiwa miongoni mwa mazao ya lazima kwa vita. Askari aliyelala bila kuumwa na mbu katika kisiwa cha Pasifiki aliwiwa, bila kujua, na vidole vya watoto wa Molo.

Je, sheria ilisema nini? Mwaka 1938 serikali ya Kenya ilipitisha sheria mpya ya waajiriwa iliyokubali mtoto wa miaka kumi aajiriwe. Arkidikoni Walter Owen, aliyekaa miaka mingi Nyanza na kuwaona watoto katika machimbo ya dhahabu ya Kakamega, alipeleka malalamiko yake katika magazeti ya Uingereza, na wabunge wakaanza kuuliza maswali London. Kamati ikaundwa Kenya kuchunguza kazi za watoto. Utetezi wa walowezi wastahili kusikilizwa, kwa kuwa haukuwa wa kijinga. Walisema kazi ni nyepesi, mtoto yuko pamoja na mama yake, hakuna shule ya kumpokea, na kwamba asipochuma atazurura. Tena walisema Mwafrika huanza kazi mapema kwa desturi yake mwenyewe. Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyobeba udanganyifu, maana ililichukua neno kazi kana kwamba kuchunga mbuzi wa baba na kuchumia mzani wa mlowezi ni kitu kimoja. Na kama shule hazikuwapo, nani alitakiwa kuzijenga?

Uingereza yenyewe ilikuwa imepita njia hiyo. Mwaka 1833 Bunge lake liliwakataza wenye viwanda vya nguo kuwaajiri watoto walio chini ya miaka tisa, na wenye viwanda walilalamika kwa maneno yasiyo mbali na yale ya walowezi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka kila mtoto wa Kiingereza abaki shuleni hata atimize miaka 14. Basi katika mwaka 1938, chini ya bendera moja, mtoto wa Manchester alikuwa mwanafunzi kwa lazima, na mwenzake wa Molo aliweza kuwa kibarua kwa miaka minne mizima kabla ya kufika umri huo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hata Manchester. Shule ya Pembroke House ilifunguliwa Gilgil mwaka 1927, na ile ya St Andrew's ikafunguliwa Turi, karibu na Molo, mwaka 1931. Watoto wa walowezi walisoma humo, wakacheza kriketi, wakalala kwa kengele. Walipewa muda wa kuwa watoto. Ukungu ulikuwa ule ule mmoja, na pengine umbali kati ya uwanja wa kriketi na mistari ya pareto ulikuwa wa mwendo wa dakika chache.

Tukisema hayo tu, hata hivyo, tutawafanya watoto wale kuwa kama mawe yaliyosukumwa. Wengi walitaka kwenda. Mvulana wa miaka 12 aliyemwona kaka yake akirudi na blanketi jipya na kaptura ya kaki hakungoja kuhimizwa na chifu. Wengine waliwatoroka baba zao, wakaandikwa kazi katika shamba la mbali, wakarudi na fedha za kununulia mbuzi au kulipia jando, wakadai kuingizwa rika kabla ya wakati. Baba aliyezoea kuamua aliona uamuzi umemponyoka, na mara nyingine aliona pia kwamba shilingi za mtoto zinalipa kodi yake. Shinikizo lilitoka pande zote: ofisini, shambani, nyumbani, na katika macho ya wenzake wa kijiji. Mtoto aliyebaki nyuma aliitwa mwoga. Mambo hayo hayawaondolei lawama walioziandika sheria, lakini yaeleza kwa nini sheria hizo hazikuhitaji askari kila siku.

Wale waliokimbilia mji wa Nakuru waligundua kwamba umri wao umebadilika tena. Shambani mvulana wa miaka 12 alikuwa mfanyakazi mwenye kadi. Mjini, akikutwa sokoni bila kazi, alikuwa mtoto mzururaji wa kurudishwa kwao, au kupelekwa mbele ya hakimu na pengine katika shule ya adabu ya Kabete.

Wazazi hawakukaa kimya. Maskwota walijenga shule kwa mikono na fedha zao, nyingi zikifuata mwendo wa shule huru za Wakikuyu. Walowezi wengine walikataa, wengine walikubali kwa sababu waliona shule yawavuta vibarua. Katika Olenguruone, mahali ambapo serikali iliwaweka maskwota waliofukuzwa mwaka 1941, watu waligombana na serikali kwa miaka juu ya haki ya ardhi, na mwishoni, kati ya 1949 na 1950, nyumba zao ziliharibiwa wakahamishwa. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, shule huru zilifungwa, na Wakikuyu wapatao laki moja waliondolewa Bonde la Ufa, wakarundikwa katika nchi ya asili ambayo wengi wa watoto hawakuwahi kuiona.

Na hapo swali la umri likawa swali la uhai. Mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya Hali ya Hatari aliweza kunyongwa, lakini asiyetimiza miaka 18 hakunyongwa. Vijana waliosimama kizimbani hawakuwa na hati ya kuzaliwa. Jicho lile lile lililowaandika kuwa watu wazima wa kulipa kodi sasa lilitakiwa kusema kama hawa ni watoto. Kwa wavulana waliojaa katika kambi za vizuizi serikali ilifungua kambi ya Wamumu, Mwea, mwaka 1955, ikawafundisha ufundi na masomo. Walikuwa wamekwisha kuitwa vibarua, walipakodi, wazururaji na maadui. Sasa waliitwa vijana.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Ada ya shule za msingi iliondolewa kwa madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, ikaondolewa kwa madarasa yote mwaka 2003. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na ile ya mwaka 2022 iliyochukua mahali pake, zamtambua mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, ina mitaa iliyojaa wajukuu wa wachumaji wale. Katika Section 58, au Bahati, au Njoro, waweza kumkuta mzee ambaye mwaka wa kuzaliwa ulio katika kitambulisho chake ulikadiriwa na karani aliyemtazama kwa dakika moja. Ukimwuliza kwa adabu, babu, ulianza kuchuma pareto ukiwa na miaka mingapi, huenda asitaje miaka kabisa. Huenda akanyosha mkono wake kutoka sakafuni na kuusimamisha karibu na kiuno, kukuonyesha kimo.